Jibu kwa baba wa Muheza: kijana aliyeacha kusoma na kuficha daftari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa machungwa hapa Muheza, niliishia darasa la saba. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa. Shule ya msingi hakuwahi kukosa katika watano bora. Sasa anashika mkia, jioni anashinda na simu, na nikimwambia asome anafungua daftari na kusinzia. Nilimnunulia vitabu vitatu vya siri za mafanikio, hakumaliza hata sura moja. Mwezi uliopita alisema daftari la hesabu limepotea, nikalikuta uvunguni mwa kitanda, limejaa alama nyekundu. Nimemchapa, nimembembeleza. Ndugu zangu wananishauri nimpeleke bweni. Nataka awe mchapakazi, mwenye tabia njema na mpenda kusoma. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mzigo ulionao. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara macho yangu yalirudi kwenye lile daftari la uvunguni. Mtoto aliyekwisha kata tamaa hahangaiki kuficha daftari. Huliacha mezani, kwa kuwa alama nyekundu hazimuumi tena. Wako alilificha kwa sababu zilimuumiza, na kwa sababu yuko mtu mmoja ambaye hakutaka azione. Mtu huyo ni wewe. Kijana ambaye bado anaona haya mbele ya baba yake hajapotea, na mengi nitakayokueleza yanategemea haya hiyo isivunjwe.

Kabla ya kuzungumzia bidii, tuhakikishe kwanza kama unachokiona ni uvivu. Mwanao alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akafaulu, kisha akavuka mlango wa kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka kuwa la Kiingereza. Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, na nimewaona watoto waliokuwa wakinyoosha mkono kabla swali halijaisha wakinyamaza ghafla muhula wa kwanza, wakahamia madawati ya nyuma, na kufikia kidato cha pili wakaitwa wavivu na kila mtu, wao wenyewe wakiwamo. Unaposema anafungua daftari na kusinzia, umetaja dalili ya mtu anayesoma maneno asiyoyaelewa. Hata wewe, ukipewa kitabu cha lugha usiyoijua baada ya chakula cha usiku, utasinzia, na hakuna atakayekuita mvivu.

Basi jaribu hivi Jumamosi hii, mkiwa wawili tu. Mwombe achukue kitabu cha biolojia au jiografia, afungue sura ambayo mwalimu ameshaifundisha, akusomee aya moja kwa sauti, kisha akifunge na akueleze kwa Kiswahili aya ile imesema nini. Usiogope kwamba hukusoma Kiingereza, kwa maana huhitaji kukijua ili utambue kama maelezo yana kichwa na miguu. Akikueleza vizuri, tatizo liko kwingine. Akisoma kwa ufasaha lakini akashindwa kueleza, umeshapata chanzo cha nusu ya matatizo yako, na pengine zaidi ya nusu.

Nikupe mfano mmoja uone jinsi jambo lilivyo dogo na lilivyo zito. Nilikuwa na mvulana aliyekosa swali moja la kuchagua jibu katika biolojia. Swali liliorodhesha mahindi, maharage, mwembe na uyoga, likasema kwamba wote hujitengenezea chakula isipokuwa mmoja, na mwanafunzi amtaje huyo. Yeye alichagua mahindi. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili kama uyoga hujitengenezea chakula, akanijibu papo hapo kwamba haujitengenezei, akanieleza na sababu: hauna umbijani, ile rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Somo alilijua kuliko wengi waliopata vema. Neno lililomwangusha lilikuwa lile lenye maana ya "isipokuwa". Aliliruka, akatafuta mmea wa kwanza unaojitengenezea chakula, akauzungushia duara. Watoto hawa hukariri maneno makubwa ya sayansi bila shida, kwa kuwa mwalimu huyaandika ubaoni na kuyapigia mstari. Wanachokosa ni maneno madogo ya kuunganisha na ya kuamrisha, yale yenye maana ya ingawa, ilhali, linganisha, fafanua, pasipo. Hayo hakuna anayeyafundisha, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshayafundisha.

Dawa yake inahitaji muda kuliko fedha. Mnunulie daftari dogo la kuingia mfukoni na Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; iliyotumika inatosha. Kila siku ya shule aandike maneno matano aliyokutana nayo katika vitabu vyake vya masomo, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi ile ile alimoyakuta. Matano, yasiwe ishirini. Maneno ishirini yataandikwa siku mbili na daftari litarudi uvunguni. Jioni akueleze maneno yale, wewe ukiwa mwanafunzi na yeye mwalimu, na usione aibu kuuliza tena. Mvulana anayemfundisha baba yake kitu cha kweli hukaa wima kwenye kiti chake.

Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, hivyo muda wa kujirekebisha upo, lakini hautoshi kwa kusoma kwa kubahatisha. Usimwekee saa tatu za kukodolea daftari macho. Dakika 40 za kusoma kwelikweli zinatosha kuanzia, na kusoma kwelikweli kuna namna yake: asome kurasa mbili, afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu kila anachokikumbuka, kisha afungue na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Wanafunzi wengi hurudia kusoma maandishi yale yale mara nne, wakayazoea kwa macho na kudhani wameyajua. Kinachokaza somo kichwani ni ile jitihada ya kulitafuta likiwa halipo mbele yako. Nawe ukae meza ile ile kwa dakika zile zile na kazi yako: hesabu za vibarua, mauzo ya machungwa, au gazeti. Ukimwagiza asome huku wewe uko barazani na simu, atasikia sauti yako tu.

Kuhusu simu sitaandika mengi. Simu zote za nyumbani, yako ikiwamo, zilale juu ya kabati sebuleni kuanzia saa mbili usiku. Sheria inayomhusu mtoto peke yake huonekana kama adhabu, na siku moja ya wewe kuivunja itafuta siku 30 za kuihubiri.

Mpime pia macho, na hili naliandika kwa uchungu. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilimchapa mvulana mmoja mara tatu ndani ya mwezi kwa kutokumaliza kunakili kazi za ubaoni. Siku nilipomhamishia dawati la mbele kama adhabu, alimaliza kabla ya wote. Hakuwa akiona. Alikuwa akinakili kutoka kwa jirani yake, na jirani alipokosekana, naye alibaki na ukurasa mweupe. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Sikujua kama nilifanya vizuri, kwa kuwa walimu wenzangu waliniambia nimejishusha, lakini wiki ile wavulana wawili walinijia kwa hiari yao kukiri makosa ambayo nisingeyajua kamwe.

Sasa nije kwenye bidii, na hapa unayo hazina ambayo mzazi wa mjini hana. Nakuuliza, na ujijibu mwenyewe moyoni: je, mwanao huenda shambani lini? Kama ni kama wazazi wengi niliowafahamu, humpeleka anapokosea. Hukusoma, basi nenda kapalilie. Shuleni nako aliyechelewa hupewa eneo la kufyeka. Tunawafundisha wavulana, kwa vitendo na kila wiki, kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya wajinga, na kwamba kusoma ni njia ya kuikwepa. Kisha tunashangaa kwamba hawapendi kazi wala hawapendi kusoma. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema, na andiko lake la Machi 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea lilionya juu ya shule inayomtenga kijana na kazi za jamii iliyomlea. Miaka mingi imepita, na bado majembe ya shule nyingi hutumika zaidi siku za adhabu.

Mpe kazi iliyo kamili, yenye mwanzo na mwisho, ambayo mafanikio yake na hasara yake vitakuwa vyake. Wewe ni mkulima wa machungwa. Bila shaka unajua kubebesha, yaani kupandikiza jicho la mchungwa kwenye mche wa limau. Mtengee miche 20 ya limau iliyofikia unene wa penseli, na mfundishe siku moja, taratibu, kama ulivyofundishwa wewe. Achague mwenyewe mchungwa wa kukata vijiti. Apasue gome la mche kwa umbo la herufi T, akate jicho kwa kisu kikali bila kuligusa kwa ndani, alichomeke, alifunge kwa utepe wa nailoni. Halafu uondoke. Baada ya wiki tatu hivi atafungua tepe. Jicho lililobaki kijani limeshika, lililogeuka jeusi limekufa, na hakuna maneno ya kubishana nalo. Mvulana akifungua miche 20 na kukuta 11 imeshika, atataka kujua kilichoua ile 9: kisu butu, mkono mchafu, tepe lililolegea, au siku mbili alizosahau kumwagilia. Hicho ndicho ninachokiita bidii, yaani kurudi kwenye kosa lako kwa hamu ya kulijua. Akishaionja kwenye miche, utaweza kumwambia kwamba lile daftari la hesabu nalo ni kitalu, na kila alama nyekundu ni jicho lililokufa ambalo sababu yake inatafutika. Aandike gharama na mauzo mwenyewe, na fedha ya miche yake iwe yake, hata kama utaona atainunulia viatu vya mpira.

Juu ya tabia, naanza na uongo wa daftari, kwa kuwa bado uko kati yenu bila kumalizwa. Wazazi wengi huitaja methali ya samaki kukunjwa angali mbichi kana kwamba ni kibali cha fimbo. Mtazame anayekunja samaki: hutumia mikono miwili na hukunja polepole, kwa sababu akikunja kwa nguvu atamvunja mgongo. Kijana wa miaka 14 aliyechapwa kwa sababu ya alama mbaya hujifunza kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni kuficha vizuri zaidi. Wala sisemi umwache. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na uongo ukipita bila kuguswa utazaa mwingine. Ninachosema ni kwamba utenganishe makosa mawili ambayo yeye ameyafunga pamoja. Mwite, liweke daftari mezani, na umwambie: "Alama hizi ni kazi yetu wawili, sitakugombeza kwa hizo. Ulipouambia mdomo wako unidanganye, hilo ni lako, na hilo limenisikitisha." Kisha usimuulize maswali ya mtego ambayo majibu yake unayo tayari, kama vile daftari liko wapi huku unalo mkononi, maswali hayo humsukuma mtoto aongeze uongo wa pili. Mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Baada ya hapo arekebishe alichoharibu: aende mwenyewe kwa mwalimu wa hesabu, aseme daftari alilificha, aombe masahihisho yake yatazamwe upya. Unaweza kumsindikiza hadi getini, lakini maneno ayaseme yeye. Fimbo ni nyepesi kuliko safari hiyo, na kijana anaijua tofauti.

Wewe nawe fika shuleni siku isiyo ya kikao cha wazazi, ambapo mwalimu hana watu 60 wanaomngoja. Muulize mambo mawili: anakaa na nani, na mara ya mwisho aliyoonekana kufurahia somo ilikuwa lini. Marafiki utakaotajiwa uwaalike nyumbani wale chungwa na ugali, uwajue kwa majina na kwa sauti, badala ya kuwapiga marufuku bila kuwaona.

Yupo mtu mwingine unayemhitaji, naye ni mjomba, au baba mdogo, au jirani mwanamume mwenye heshima. Katika umri huu mvulana huanza kusikia maneno ya baba yake kama kelele ya mvua juu ya bati, ilhali maneno yale yale yakisemwa na mjomba huonekana mapya. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana katika jando kijana alikabidhiwa mlezi wa kukaa naye na kumfunda, mtu asiyekuwa baba yake. Mtafutie mtu wa namna hiyo, na usimtume kwake na orodha ya mawaidha. Mtume akasaidie kazi, maneno yatakuja yenyewe.

Nimeacha usomaji hadi sasa kwa makusudi, maana ndio ninaoupenda zaidi na ningeanza nao ningejisahau. Vile vitabu vya siri za mafanikio viweke kando bila lawama. Vimejaa majibu ya maswali ambayo mtoto wa miaka 14 hajawahi kujiuliza, na mtu havutwi na jibu kabla ya swali kumkaa rohoni. Mvulana huyu anahitaji hadithi, tena kwa Kiswahili. Usidhani kwamba hadithi ya Kiswahili itamchelewesha Kiingereza. Anayejua raha ya kufuata mtu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho huitafuta raha hiyo katika lugha yoyote; asiyeijua, hata ukimpa kamusi kumi, ataziona ni mzigo.

Anza pale alipo. Kama anafuatilia Simba na Yanga, kurasa za michezo za gazeti ni usomaji wa kweli. Akusomee taarifa ya mechi kwa sauti huku wewe ukimenya chungwa, mbishane. Kutoka hapo mpe riwaya ya upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, humfuata Bwana Msa akichunguza mauaji kisiwani Unguja, na nimemwona mwanafunzi aliyedai hapendi vitabu akiisoma chini ya dawati katika kipindi changu mwenyewe. Sikumnyang'anya. Baadaye mtafutie Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Humo kuna liwali anayesifiwa kwa wema, naye kila usiku huwachapa manyani wawili kwa mjeledi huku moyo ukimuuma, na msomaji hawezi kukiweka kitabu chini mpaka ajue ni kwa nini. Sitakuambia sababu, kwa kuwa nataka nawe ukisome. Lugha yake ni nzito kidogo kwa kijana wa leo, hivyo someni sura za mwanzo pamoja. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inafaa pia, na huko mbele, akifika kidato cha tatu au cha nne, Kuli ya Shafi Adam Shafi, juu ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, itampa picha ya heshima ya mtu afanyaye kazi ngumu kuliko hotuba yoyote yangu au yako.

Akimaliza kitabu, nakusihi usimuulize amejifunza nini. Swali hilo hugeuza hadithi kuwa mtihani, na kitabu kinachofuata hatakifungua. Muulize angefanyaje yeye kama angekuwa mahali pa yule mtu, kisha useme ungefanyaje wewe, na mkitofautiana mwache atofautiane. Tabia njema huingia hapo, wakati kijana anapima matendo ya mtu mwingine bila yeye mwenyewe kushtakiwa. Vitabu vyenyewe si lazima uvinunue vyote. Maktaba ya mkoa iko Tanga mjini, si mbali na kwenu. Siku unayokwenda mjini kwa shughuli zako, mchukue na umwache humo saa mbili achague mwenyewe.

Nimemtaja Shaaban Robert, na kwa kuwa ni mtu wa mkoa wenu, mweleze kijana habari zake. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909; hakufika chuo kikuu chochote, alianza ukarani serikalini mwaka 1926, na sehemu kubwa ya vitabu vyake aliiandika akiwa bado karani, katika saa alizobakiwa nazo baada ya kazi ya ofisi. Alipofiwa na mkewe na kubaki na watoto, aliwatungia tenzi mbili za kuwausia, moja kwa binti na moja kwa mwana wa kiume. Wosia ule ulikuwa na uzito nyumbani kwake kwa sababu watoto walimwona aliyeutunga akiwa kazini.

Swali lako la bweni nalijibu kwa ufupi: si mwaka huu. Zipo shule nzuri za bweni na nimefundisha katika mojawapo, lakini mvulana anayefika huko bila kuelewa lugha ya masomo atabaki haelewi, tena mbali na macho yako, na mahali pa kufichia daftari ni pengi zaidi kuliko uvungu mmoja. Akiwa ameanza kuelewa vitabu vyake na mkiwa mmemaliza habari ya uongo ule, mzungumzie bweni naye akiwapo, na umsikilize anavyolipokea.

Kwa sasa nakuomba mambo matatu yasiyozidi wiki tatu: jaribio la kusoma aya Jumamosi hii, safari ya kwenda kwa mwalimu wa hesabu Jumatatu, na miche 20. Siku atakapofungua tepe, simama karibu lakini usishike kisu. Niandikie uniambie imeshika mingapi, na kijana alisema nini alipoikuta iliyokufa.